Ndani ya Cherehani Hakuna Ndugu

Watu wengi wanaokuja karakanani kwangu kuomba kazi huanza na uongo. "Najua kidogo, fundi." Hicho kidogo chao nimekipima miaka mingi na uzito wake naujua: mtu aliwahi kumwona shangazi yake akitia uzi kwenye sindano. Siku hizi sikasiriki tena. Nasema kazi hakuna, naendelea na bisibisi yangu.

Yule binti hakusema hivyo. Kwanza hakuja kuomba kazi. Alileta cherehani ya mama yake iliyokuwa inaruka mishono, nikaitengeneza mbele yake kwa dakika kumi, maana sindano ilikuwa imewekwa kinyume tu. Nikamrudishia. Mtu wa kawaida hapo hushukuru na kwenda zake. Huyu akabaki amesimama kwenye kaunta, kichwa amekiinamisha upande.

"Mama, samahani, naomba kuuliza. Uzi wa chini umefungiwa ndani ya kibati, hauendi popote. Uzi wa juu unashuka na kupanda palepale. Sasa zinafungana vipi?"

Nikamwangalia vizuri. Miaka ishirini na saba natengeneza cherehani, na nimeulizwa bei, nimeulizwa lini, nimeulizwa kama mimi mwanamke kweli ndiye fundi au namsubiri mume wangu. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafungua kifuniko cha chini, nikazungusha gurudumu polepole kwa mkono.

"Ona. Sindano inashuka. Ikianza kupanda, uzi unalegea, unafanya kitanzi. Hii ndoano inakidaka kile kitanzi, inakizungusha kukipitisha nyuma ya kibati, halafu inakiachia. Mshono tayari."

"Rudia, mama."

Nikarudia. Alinirudisha mwanzo mara kumi na moja. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimeanza kukasirika, na mimi nikikasirika huhesabu. Mara ya kumi na moja akacheka peke yake. "Kumbe kibati chote kinapita katikati ya kitanzi," akasema, "kama mtu anayevaa fulana." Ndivyo ilivyo hasa. Ni mimi tu sikuwahi kuifikiria hivyo, wala vinginevyo.

Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema hana. Ana shahada ya elimu ya mimea, miaka minne chuo kikuu, majani na mizizi na maua, na miaka miwili tangu amalize anazunguka na bahasha. "Kila tangazo wanataka uzoefu wa miaka mitatu," akaniambia, bila kulia wala kulalamika, kama mtu anayeeleza jambo la ajabu aliloliona njiani. "Nikawauliza uzoefu unapatikana wapi. Wakasema kazini."

Kesho yake akaja tena, mikono mitupu, akaomba kuangalia tu. Keshokutwa pia. Siku ya nne nikamwona anasimama vibaya mgongo umempinda, nikamsukumia kiti na brashi. Mtu akishakaa kwenye kiti chako na kushika brashi yako, tayari ni mfanyakazi, upende usipende. Nikamwambia, "Mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi ukiisha nitakwambia kaa au nenda, na nikisema nenda usinililie."

"Sawa, mama."

Wateja waliposikia alichosoma wakampa jina la Majani. Hakukasirika. Aliitikia kama vile ndilo alilopewa na babu yake.

Niseme kidogo juu yangu, usije ukadhani nilikuwa mwalimu mwema. Mimi cheti sina. Kazi nilifundishwa na marehemu mume wangu, naye alifundishwa na mjomba wake, na ufundi wetu wote ulikuwa na amri moja: kipande kikitoka kwenye mashine, kiweke juu ya shuka, kushoto. Kinachofuata, kulia kwake. Kinachofuata tena, kulia kwa hicho. Ukifika mwisho una mstari, na ukitaka kuifunga mashine unaanza mwisho wa mstari na kurudi nyuma. Usiuguse mstari. Usipige chafya karibu na mstari. Mume wangu aliwahi kukaa siku mbili bila kuongea nami kwa sababu nilifagia chini ya meza yenye mstari. Kwa njia hiyo nimefungua maelfu ya cherehani na kuzifunga zote zikashona, na watu wakaniita Fundi, jina langu la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Wiki za kwanza Majani aliosha vipande kwa mafuta ya taa na kutoa vumbi la nyuzi. Kazi hiyo huwachosha wote. Yeye alilichambua lile vumbi kwa kibanio cha nyusi. "Mama, huyu mwenye mashine amesema anashona leso tu. Mbona humu kuna nyuzi za turubai?" Nikamtazama mteja, mteja akatazama dari. Tangu siku hiyo wateja wangu wakaanza kusema kweli, jambo ambalo sikulizoea.

Lakini maswali, jamani. Kuuliza si ujinga, nakubali, ila kuuliza mara mia kwa siku ni ugonjwa. Hii springi kwa nini ni laini kuliko ile? Hiki kitundu ni cha nini? Mafuta yanaingilia hapa, yanatokea wapi? Mimi nilikuwa namjibu, "Ndivyo ilivyo." Akiuliza tena najibu, "Utajua mbele ya safari." Akiuliza mara ya tatu najifanya hamnazo. Aliandika kila kitu kwenye daftari, na baadhi ya kurasa zake zilikuwa na maswali upande wa kushoto na upande wa kulia hakuna kitu. Niliziona. Sikupenda kuziona.

Wiki ya nne, Jumatatu, akaja Bwana Sare. Huyu hushona sare za shule na hana muda wa salamu. Alileta zigizaga yake, cherehani ya mshono wa kupindapinda, lile dubwana la chuma ambalo watu wawili hulibeba wakiwa wamekata tamaa. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda ndani hata gurudumu halizunguki. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu inayofuata, na sketi na kaptula mia mbili zilikuwa zimekatwa zinasubiri kushonwa.

"Jumamosi asubuhi, Fundi. Ikipita hapo, niandalie jeneza."

"Jumamosi," nikasema.

Mashine kama ile nilikuwa nimeifungua mara nne maishani. Inataka kufunguliwa yote, hadi kipande cha mwisho, ioshwe. Jumatano nilikuwa na miadi na daktari wa macho, kwa sababu siku hizo skrubu ndogo zilikuwa zimeanza kunikimbia. Nikamwambia Majani, "Fungua, osha, usifunge. Nikirudi nitafunga mwenyewe." Juu ya mstari sikumwambia neno. Siku zote nilikuwa nafungua mimi na kumpa vipande vya kuosha kimojakimoja. Na nani humwambia mtu mzima kwamba mguu wa kulia hufuatwa na wa kushoto?

Nilirudi saa tisa, macho bado yana ukungu wa dawa. Karakana ilikuwa safi kuliko siku ya harusi. Mezani palikuwa na sahani za plastiki kumi na nne, na kila sahani ina karatasi yenye maandishi mazuri. Skrubu, vichwa bapa. Skrubu, vichwa vya mviringo, fupi. Skrubu, vichwa vya mviringo, ndefu. Springi, za kuvuta. Springi, za kusukuma. Vipande tisini na saba, vimeng'aa, kila kimoja kimelala na vinavyofanana nacho.

Nikakaa chini.

"Mstari uko wapi?" nikauliza.

"Mstari gani, mama? Nimevipanga kifamilia. Kila kimoja na ndugu zake."

"Ndani ya cherehani hakuna ndugu," nikamwambia, na sauti yangu ilisikika hadi kwa muuza vitambaa ng'ambo ya barabara. "Kuna majirani tu. Skrubu hii jirani yake ni springi ile. Umewahamisha watu tisini na saba nyumba zao, hujaandika hata anwani moja."

Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia chuo kikuu kilimharibu, kwamba mtoto wa miaka sita angejua, kwamba angerudi kwa majani yake akayapange. Alisimama akasikiliza yote, amekunja mikono. Nilipoishiwa pumzi, akauliza. Aliuliza kwa upole kabisa, na naamini hakuwa na nia mbaya.

"Lakini mama, wewe si unajua kila kimoja kinafanya kazi gani? Tukijua kinafanya nini, tutajua kinakaa wapi."

Damu ikanipanda hadi masikioni. Maana jibu lilikuwa hapana. Bila mstari nilikuwa sijui chochote. Niliitazama ile meza, miaka ishirini na saba ya uzoefu, nikaona vyuma tu.

"Jumamosi mashine hii ikiondoka," nikasema, "na wewe unaondoka. Iwe imepona au haijapona."

"Sawa, mama. Tuanze na kipi?"

Hasira hasara, wanasema, na mimi nilikuwa na siku tatu za kuihesabu hasara yangu. Jioni ile sikufanya lolote. Alhamisi asubuhi nilimkuta ameshafika, amepanga taa dirishani, ameshika kipande kimoja anakigeuza mbele ya mwanga.

"Mama, angalia hapa. Hiki ni cheusi chote, ila ubavu huu unang'aa. Kuna kitu kimekuwa kinakisugua hapa miaka mingi. Tutafute kingine chenye mng'ao wa upana huuhuu."

Nikataka kumwambia aache upuuzi. Badala yake nikaokota kipande, nikakigeuza. Kilikuwa na mng'ao. Nikaokota kingine. Ilituchukua karibu saa nzima kupata jozi ya kwanza: fimbo fupi na gurudumu dogo lenye nundu upande mmoja. Tukaziegemeza pamoja, akazungusha gurudumu kwa kidole. Nundu ikaja, ikaisukuma fimbo. Nundu ikapita, fimbo ikarudi. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia.

"Zigizaga," nikasema.

"Nini, mama?"

"Nundu ndiyo inayoyumbisha sindano. Ndiyo zigizaga yenyewe." Nikamnyang'anya gurudumu nikazungusha mwenyewe. Ile nundu nimeipaka mafuta mara zote nne. Nilikuwa nadhani ni kasoro ya kiwandani, nilikuwa naionea huruma. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, tukawa wawili tunacheka juu ya gurudumu kubwa kama kifungo cha koti.

Baada ya hapo sikuhitaji kusukumwa. Niliamka Ijumaa nikiwa na hamu ya kufika kazini, kitu ambacho sikumbuki lini kilinipata mara ya mwisho. Mimi nilijua mkono: skrubu hii ukiikaza sana inakula meno yake, springi hii ukiivuta hairudi tena. Yeye alijua kuuliza. "Huyu anamsukuma nani? Na anayesukumwa anarudishwa na nani?" Kila kilichosukuma kilikuwa na cha kukirudisha, tulipogundua hivyo kazi ikaenda mbio. Kurasa tupu za daftari zikaanza kujaa. Mara nyingine alinipa kalamu niandike mimi, na mwandiko wangu ni wa kuku, lakini niliandika.

Ungetegemea kwamba hapo nililirudisha neno langu la kumfukuza. Sikulirudisha. Neno la kuomba radhi nilikuwa nalo mdomoni tangu Alhamisi mchana, na kila nikitaka kulitema naomba nipewe skrubu nyingine. Mtu aliyezoea kuitwa Fundi si rahisi kumwomba radhi mtu anayeitwa Majani. Naye hakuuliza. Alikuwa anauliza kila kitu duniani isipokuwa hicho.

Ijumaa jioni mashine ilizunguka. Tukaweka kitambaa, ikashona mstari ulionyooka vizuri kabisa. Tukajaribu zigizaga ndogo, ikashona. Kwenye sahani kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kidogo kama ukucha, chuma kilichopinda. Nikakichukua nikakitia kwenye kopo la mayatima. Kila karakana ina kopo hilo, fundi atakayekukatalia mwongo: vipande vilivyobaki baada ya mashine kufungwa na kushona.

"Mama, hicho nacho kina mng'ao."

"Mashine inashona, mwanangu. Funga milango twende nyumbani."

Jumamosi, kabla Bwana Sare hajafika, akaingia mzee mmoja mrefu, shati limepigwa pasi hadi mikono inaweza kukata mkate. Alikuwa baba yake Majani, mwalimu mstaafu. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa barua mfukoni, akaiweka juu ya goti. Binti alikuwa nyuma anachota mafuta.

"Mama, sitakuzungusha," akaniambia. "Mwanangu amesoma miaka minne, na mimi nilimsomesha kwa jasho. Sasa ananukia mafuta ya taa. Nimemwombea nafasi ya kufundisha sayansi katika shule niliyostaafu, na wanamtaka Jumatatu. Yeye anasema yuko kwenye majaribio hapa. Wewe ndiye bosi wake. Niambie ukweli, ana kazi au hana? Kama anayo, sitamvuta. Kama hana, leo naondoka naye."

Kumbe hakuwaambia nyumbani kwamba nimemfukuza. Nilifungua mdomo, na kabla sijajua nini kingetoka, mlango ukagongwa na Bwana Sare akaingia na vijana wake wawili wa kubeba.

Nikaweka kitambaa. Mashine ikashona kama maji yanayotiririka. Bwana Sare ambaye hana muda wa salamu akanipa mkono. "Fundi ni Fundi," akasema. "Miaka ishirini na saba si mchezo." Yule mwalimu mstaafu akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Nilijisikia vizuri, nisikufiche. Vijana wakainama kuibeba.

"Subirini kidogo," Majani akasema.

Alikuwa amesimama mlango wa nyuma, na kile kipande kilichopinda kiko kwenye kiganja chake. Amekitoa kwenye kopo.

"Hiki kimebaki," akamwambia Bwana Sare. "Hatujui ni cha nini. Naomba usiondoke nayo bado."

Kumwambia mteja jambo kama hilo mbele ya fundi wake, katika kazi yetu, ni kumvua fundi nguo. Bwana Sare akanigeukia taratibu. "Fundi, ni kweli? Kuna kitu kimebaki?"

Uongo nilikuwa nao tayari, umekaa kwenye ulimi umevaa viatu. Hicho ni cha mashine nyingine. Maneno matano tu, na binti angeondoka na baba yake, na Bwana Sare angeondoka na mashine yake, na mimi ningebaki Fundi. Nikamwangalia Majani. Hakuwa ananishitaki. Alikuwa anakitazama kile kipande, anakigeuza, na uso wake ulikuwa umejaa swali tu. Nikaona haya mpaka vidole vya miguu.

"Ni kweli," nikasema. "Kimebaki."

"Na kinafanya kazi gani?" Aliyeuliza ni baba yake, kutoka kwenye benchi.

"Sijui, mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusikika ndani ya karakana ile kutoka kinywani mwangu. Halikuniua.

Bwana Sare alikunja uso, akatazama saa, akataja kaptula mia mbili. Lakini hakuondoka, na nadhani naye alitaka kujua. Majani akafungua kifuniko cha juu, akaingiza kichwa chote humo akitafuta mng'ao wa kulingana na kile. Mimi nikasukuma kidude cha kupanua zigizaga hadi mwisho, upana ambao jana hatukuujaribu, nikazungusha gurudumu polepole kwa mkono. Sindano ikashuka. Haikuingia kwenye tundu lake. Ilitua juu ya mguu wa mashine, ule unaokandamiza kitambaa, chuma juu ya chuma, ikapinda.

Kila mtu aliona. Kwa upana ule ndio Bwana Sare hukamilishia kingo za sare. Angefika kwake, angekanyaga pedali kwa kasi yake ile, na sindano ingevunjika na kuruka, na kichwa chake huwa kimeinama juu ya sindano siku nzima.

"Ni kizuizi," nikasema. "Kinazuia sindano isiyumbe kupita kiasi."

"Kinakaa hapa, mama," sauti ya Majani ikatoka ndani ya mashine. "Kuna mng'ao wake hapa pembeni. Tundu la skrubu liko wazi kabisa, jana tulilipita."

Bwana Sare alijigusa kope za jicho. Akaketi kwenye benchi, karibu na mwalimu.

Hapo ndipo lile neno nililokuwa nalo mdomoni siku tatu likatoka, na halikutoka peke yake. "Mwalimu," nikasema, "uliniuliza kama binti yako ana kazi. Jumatano nilimfukuza. Nilimfukuza kwa sababu aliniuliza kitu nisichokijua, nikaona aibu. Miaka yote hii nimefungua mashine na kuzifunga kwa kufuata mstari, kama kipofu anayepapasa ukuta. Wiki hii ndiyo nimejua zinafanyaje kazi, na yeye ndiye aliyenijulisha. Bwana Sare, na wewe usikie, kama utanihama nitaelewa. Binti yako, mwalimu, nafasi yake ipo kama bado anaitaka. Nami namwomba radhi."

Mzee akageukia mashine. Kisha akaita, "Mwanangu, umesikia?"

"Nini, baba?" Kichwa bado kiko ndani ya mashine. Hakuwa amesikia hata neno moja. Bwana Sare akacheka kwa pua.

Mwalimu akalazimika kurudia somo lote tangu mwanzo: shule wanasema hivi, mama anasema hivi, wewe unasemaje. Majani akatoka, mafuta kwenye nyusi, akafuta mikono kwa kitambaa. Aliniangalia kwanza mimi, na midomo ilimtetemeka kidogo, ndipo nikajua kwamba zile siku tatu za kutouliza hazikuwa nyepesi kwake hata kidogo.

"Shuleni nitafundisha ninavyovijua, baba," akasema. "Hapa bado sijui. Naomba nibaki."

"Na watu nitawaambia nini? Mtoto wa chuo kikuu?"

"Waambie nimepata kazi."

Mzee akaikunja barua mara mbili, akairudisha mfukoni. "Hana uzoefu," akaniambia, kama mtu anayeuza kitu na hataki lawama baadaye.

"Najua," nikamjibu.

Bwana Sare hakunihama. Miezi miwili baadaye alirudi na mashine nyingine, ya kushonea vifungo, inakata nyuzi ovyo. Alinikuta kaunta. "Fundi yupo?" akauliza.

"Niko hapa, huoni?"

"Wewe nakuona," akasema. "Namuulizia yule mwingine."

Iliniuma. Nisiseme uongo, iliniuma kama sindano chini ya ukucha, nikahesabu hadi tatu. Kisha nikageuka nikaita kwa sauti kuelekea chumba cha nyuma, "Fundi, una mgeni."

Hakuitika. Nilisikia bisibisi yake inaendelea kule ndani, taratibu. Alidhani kuna mtu mwingine anaitwa. Nikaita mara ya pili.